Inchi Mbili za Kushonea

Mtaa mzima ulimwita Sentimita, ingawa kupima alipima kwa inchi. Alikuwa fundi cherehani, utepe haumtoki shingoni, mtu wa kukukagua mabega kwanza halafu ndio akusalimie. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Shida yake moja tu: akishajua kitu kimoja, anadhani kavijua vyote.

Ndiyo maana mbele ya chumba chake cha kushonea, juu ya mawe manne, lilikaa gari kuukuu la porini lililomzidi umri. Alilinunua akiapa kulitengeneza mwenyewe, liwe gari la kupanda milima. Hiyo ilikuwa miaka mitatu nyuma. Miaka mitatu, jamani! Kuku wa jirani walishataga humo hadi wakazoea.

Siku moja mkewe akarudi na habari. Alikuwa muuguzi wa zahanati iliyo juu ya kilima, na barabara ya kule mvua ikinyesha ni uji mtupu, hakuna gari la kawaida linalopanda. Msimu uliopita alikuwa akienda kwa miguu, viatu mkononi, na mara mbili alirudi ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi.

"Wamenipa nyumba kulekule juu," alisema akivua viatu. "Nitakuwa nakuja Jumapili kwa Jumapili. Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao wanataka jibu."

Moyo ulimdondoka Sentimita. Jumapili kwa Jumapili! Huyo ni mke au mgeni?

"Jumatatu hiyo nitakupeleka mwenyewe," alisema. "Kwa gari langu."

"Hilo la kuku?"

"Hilohilo."

Mkewe akakohoa kidogo, akaingia ndani.

Sasa, mtu wa kumsaidia alikuwepo. Kaka wa mkewe, shemeji yake, alikuwa fundi magari mwenye gereji mtaa wa pili. Lakini wawili hao walikuwa wamenuniana. Shemeji alishatangaza mbele za watu kwamba hagusi lile gari mpaka Sentimita akiri kwa mdomo wake kuwa chuma si kitambaa. Sentimita naye akajibu kwamba kupima ni kupima. Basi kila mmoja akashika lake, na gari likashika mawe yake.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sentimita akajitosa peke yake. Alifungua springi za mbele zilizolegea, akazipima kwa utepe ili mhunzi amtengenezee mpya zilizo juu zaidi. Na hapo ndipo mazoea yalipomponza. Mshonaji yeyote akishapima huongeza kidogo cha kushonea. Nguo ikibana unaachia, ikipwaya unapunguza. Mkono wake ukaandika wenyewe: ongeza inchi mbili. Halafu, kwa usalama, akaagiza kila springi iongezwe pleti mbili za chuma ndani, kama bitana. Mhunzi akaitazama karatasi, akauliza, "Una hakika?" Sentimita akamwonyesha utepe.

Siku aliposhusha jeki, gari lilikaa chini nyuma na kuinua pua mbele, kama mbuzi anayedokoa majani ya ua. Propela, ule mtaimbo unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya mbele, ikawa haifiki. Akaivuta. Akaisukuma. Akaibembeleza kwa maneno mazuri. Mwishowe akaiendea kwa nyundo, na boliti ikakatikia ndani ya tundu lake.

"Limependeza," mkewe alisema dirishani. "Linasalimia wageni."

"Cheka tu!"

"Nimwite kaka?"

"Usithubutu."

Lakini zilikuwa zimebaki siku tisa, na alipoingia chumbani kutafuta kitambaa cha kujifutia grisi alimkuta mkewe anakunja mashuka na kuyapanga kwenye sanduku, taratibu, huku anaimba. Sentimita akaogopa kwelikweli. Alirudi nje, akakaa kwenye ndoo, akafikiri.

Kununiana ni kununiana, ila fundi wa nguo pale mtaani alikuwa mmoja tu, na shemeji alikuwa amemletea ovaroli yake ashonewe mfuko. Kesho yake akaja kuichukua.

"Haijawa tayari," Sentimita alisema.

"Mfuko mmoja, wiki nzima?"

"Namalizia uzi. Kaa pale nje usubiri."

Kiti cha kusubiria alikuwa amekiweka hatua mbili kutoka kwenye pua ya gari.

Safari hii alikuwa amepima sawasawa. Fundi magari anaweza kukununia wewe hata mwaka, lakini kukaa kimya mbele ya kazi mbovu, hawezi. Shemeji aliangalia pembeni. Akaangalia mawingu. Akainama kidogo, akajirudi. Akainama tena. Punde sauti ikatoka chini ya gari: "Ee Mungu! Nani kapima springi hizi? Nani?"

Sentimita akatoka. "Niliongeza inchi mbili," alisema kwa sauti ndogo. "Za kushonea."

Kikatoka kicheko, halafu mlio wa kichwa kikigonga chuma, halafu kicheko zaidi.

"Za kushonea! Na hizi pleti za ziada?"

"Hizo bitana."

Shemeji alitoka akitambaa, machozi yanamtiririka, hana nguvu za kusimama. "Sema sasa," alidai. "Nisikie kwa masikio yangu."

Sentimita akaliona lile sanduku akilini. "Chuma si kitambaa," alisema. "Nisaidie, shemeji. Sitaki mke wangu ahame."

Shemeji akaacha kucheka. Alimtazama kama mtu mwenye neno mdomoni, kisha akalimeza. "Lete spana namba kumi na tisa," alisema. "Na ovaroli yangu."

Mfuko ulikuwa umeshonwa tangu siku ya kwanza.

Wiki ile walifanya kazi bega kwa bega. Shemeji aliitoboa boliti iliyokatika akaitoa, akachomoa zile bitana, pua ikashuka, propela ikafika. Wakafunga matairi yenye meno makubwa. Breki zikavuja, wakaziba, zikavuja tena. Waligombana mara tatu, mara moja kwa sababu ya sukari kwenye chai. Sentimita akashona turubai jipya la paa, na shemeji alipolivuta akakuta halina mkunjo hata mmoja, akasema, "Hapa sawa." Maneno hayo mawili Sentimita aliwasimulia wateja sita.

Jumatatu ikafika na mvua yake. Mke alikaa mbele, shemeji nyuma, Sentimita kwenye usukani akitokwa jasho. Kwenye kona ya kati gari lilianza kuteleza kuelekea mtaroni.

"Usiguse breki!" shemeji alifoka. "Mafuta! Polepole!"

Magurudumu ya mbele yakauma tope, gari likajivuta, likanguruma, likapanda. Mkewe alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili, akicheka kama msichana.

Walipofika juu Sentimita alishuka na kunyoosha kidole kwenye nyumba iliyo nyuma ya zahanati. "Nenda kawape jibu! Nyumba hatuitaki!"

Mlango wa nyumba ile ukafunguka. Mwanamke akatoka na beseni, akaanza kuanika nguo kibarazani.

"Nani yule?"

"Muuguzi mgeni," mkewe alisema.

"Anafanya nini kwenye nyumba yako?"

"Anakaa. Wiki ya tatu hii."

Ghafla shemeji akapata tairi la kukagua, la upande wa mbali.

"Ulishaikataa?"

"Siku ileile waliyonipa. Niliwaambia nina mume kule chini, silali mbali naye."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu niliitunga. Miaka mitatu, mume wangu!"

Sentimita akafungua mdomo akasirike, hasira ikagoma kuja. Alikuta furaha tu, nyingi, ya kijinga, na macho yakamlowa akasingizia mvua. "Na wewe ulijua!" alimpigia kelele shemeji.

"Mimi nakagua tairi," tairi likajibu.

Mkewe alivaa koti lake jeupe, akaelekea mlangoni, akageuka. "Natoka saa kumi na moja. Nikukute hapa."

"Nikichelewa?"

"Jaribu uone. Muuguzi mgeni ana chumba cha ziada."