Gari la Mawifi

Mnunuzi wa kwanza alikuwa daktari wa meno, na alikuja amevaa kofia ya kuendeshea kabisa, kana kwamba gari lilikwisha kuwa lake. Alilizunguka, akalipapasa boneti kama mtu anayebembeleza farasi, akaketi, akashika usukani, akasema maneno ambayo Mama Mikate alikuwa ameyangoja.

"Hili nalichukua."

Pembeni, juu ya kigoda, wifi yake alikuwa amebana sindano kwa midomo. Akaitoa.

"Mvua ikinyesha, daktari, maji yanaingia. Yanadondokea hapo, kwenye goti la kushoto. Si mengi. Ya kutosha tu watu kukuuliza umefanya nini."

Daktari akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Lakini tangazo linasema limekarabatiwa lote."

"Limekarabatiwa, na limekarabatika. Ila Waingereza walipounda gari hili walikuwa hawajakubaliana kama mvua ni kitu cha kuzuia."

Daktari akavua kofia, akasema atafikiria. Na mtu akishasema atafikiria, usimwekee kikombe.

Mama Mikate alisubiri mgeni apotee kwenye kona. "Wifi, hivi tunauza gari au tunalisengenya?"

"Mimi ni mkweli tu. Ungetaka mwongo ungeniambia mapema, nikakutafutia."

Jina la Mama Mikate lilitokana na kazi. Alikuwa ameoka mikate ya mtaa tangu ujana wake mpaka magoti yalipomkataza, na alipostaafu yeye, jina lake halikustaafu. Huyo wifi, dada wa marehemu mumewe, mtaa ulimwita Sindano. Alishona viti vya magari, na mdomo wake ulichoma vilevile.

Gari lenyewe, acha lipewe haki yake. Lilikuwa la michezo, la Kiingereza, la zamani kuliko wanunuzi wengi: viti viwili tu, pua ndefu, vilango vifupi kama vya kabati, magurudumu ya spoku, rangi ya kijani iliyokolea, na paa la turubai la kukunjwa nyuma ukitaka kupigwa na upepo. Marehemu alilinunua likiwa skrepa, panya wamezaliana ndani ya kiti. Alikuwa na gereji yake hapohapo nyumbani. Akalifungua lote, akalitandaza sakafuni kipande kwa kipande, halafu moyo wake ukasimama kabla hajafunga hata nati moja.

Marehemu na mkewe hawakujaliwa watoto. Kilichowaunganisha wale wanawake wawili kilikuwa yule mwanamume, na alipokuwa hai walizungumza kwa kumpitia yeye, hata wakiwa meza moja.

"Kaka, mwambie mkeo mkate wake ungeweza kuzuia lori mlimani."

"Mume wangu, mwambie dada yako hilo lori halikumwalika."

Naye katikati anatafuna, hamwambii mtu kitu.

Baada ya mazishi Sindano alikuja kuchukua cherehani yake gerejini. Akakuta fremu mbili za viti zimeegemea ukuta, uchi. Alisimama mbele ya fremu hizo kitambo. "Nitashona hivi viti viwili," alisema bila kumtazama mwenye nyumba, "halafu nitoke."

Viti vikazaa turubai, turubai likazaa mazulia. Ikawa kila Jumanne na Ijumaa Sindano yupo. Mama Mikate naye, kwa kuwa mikono iliyozoea kukanda haipendi kukaa bure, akajikuta ameshika msasa anasugua kutu. Fundi wa injini aliitwa, mtu asiyesema neno ila akiulizwa. Akaipima injini ya zamani, akatikisa kichwa, akafunga nyingine mpya zaidi. Akaweka gia tano palipokuwa na nne, breki za diski mbele, alternata ya kuchaji betri, na feni ya umeme ya kupoza redieta, lisichemke likikwama kwenye foleni.

"Nje bibi, ndani binti," Sindano alisema siku lilipowaka mara ya kwanza, na Mama Mikate alicheka mpaka akashika ukuta. Hawakuwa wamewahi kucheka pamoja. Wote wawili waliona haya kidogo, wakarudi kazini.

Walikubaliana tangu mwanzo kwamba likiisha liuzwe, kila mmoja achukue nusu yake. Mama Mikate hajui kuendesha. Sindano anajua, lakini nyonga yake ilikuwa imeharibika, na kumtoa kwenye kiti cha chini namna ile kulitaka watu wawili na dua. Na gari lisiloendeshwa hufa limesimama. Matairi hubonyea upande mmoja, petroli ikachacha. Kwa hiyo tangazo likatoka, na wanunuzi wakaanza kuja.

Baada ya daktari walikuja maharusi wapya, wameshikana mikono hata wakati wa kuinama kuchungulia chini ya gari. Bwana harusi alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni atoe kalamu aandike namba ya simu.

"Na mtoto mtamweka wapi?" Sindano akauliza kwa upole kabisa. "Juu ya boneti?"

Bibi harusi akamtazama mumewe. Mumewe akaitazama spoku. Kumbe jambo lenyewe walikuwa hawajalizungumza. Waliondoka kila mmoja na mikono yake.

Siku hiyo Mama Mikate alifura, lakini hakufoka. Mtu aliyezoea kungoja unga uumuke hujifunza kungoja mengi. Alingoja mpaka Ijumaa, akapika chai, akaipeleka gerejini akiwa ameshapanga maneno ya kusema. Hakuyasema.

Sindano alikuwa ameinama ndani ya gari, upande wa abiria, na wembe mkononi. Alikuwa anafumua kiti.

"Kina nini hicho?"

Sindano aligutuka kama aliyekutwa anakula jikoni kwa watu. "Mshono umepinda."

"Umepinda wapi?"

"Wewe huwezi kuona. Macho yako yamejaa unga."

Mama Mikate aliweka chai juu ya meza ya vyuma, akapitisha kidole kwenye ule mshono, sehemu iliyobaki. Ulikuwa umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Aliutazama uzi uliofumuliwa, umelala kwenye zulia. Akakumbuka kwamba wiki iliyopita lilifumuliwa zulia. Na kabla ya zulia ile kona ya turubai. Na hayo maji ya gotini, sasa alipofikiri vizuri, hayakuwapo kabla Sindano hajaishona upya ile kona.

Hapo akaelewa. Wifi yake hakuwa anaharibu gari. Alikuwa anaahirisha.

Sindano aliishi peke yake katika chumba kimoja nyuma ya duka la vyuma. Gari likitoka, pale gerejini hapatakuwa na kitu cha kushona, na maisha yao yote hakuna aliyewahi kwenda kwa mwenzake bila kuwa na la kufanya. Mwanzoni walikutanishwa na mtu, kisha na gari. Mtu alishaondoka.

Kulikuwa na jingine aliloliona, nalo lilimtisha zaidi. Daktari alipovua ile kofia, chini ya hasira zake, kitu fulani ndani ya Mama Mikate mwenyewe kilikuwa kimekaa kikanyoosha miguu. Alikuwa amefurahi. Maana Ijumaa atagombana na nani?

"Chai itapoa," akasema tu, akatoka.

Mnunuzi wa tatu alikuwa fundi saa, mzee mfupi aliyekuja kwa miguu, na aliomba ruhusa kabla ya kufungua mlango. Alikaa kwenye usukani, akaliwasha gari, akafumba macho akaisikiliza injini kama anavyosikiliza saa sikioni. Mama Mikate alijua hapohapo kwamba huyu ndiye. Sindano naye alijua, maana alianza hata kabla injini haijazimwa.

"Maji ya mvua yanaingia."

"Wapi?"

"Kwenye goti."

"Ninayo mawili," fundi saa akasema.

"Klachi yake nzito."

"Nitakanyaga."

"Buti halitoshi hata kapu la sokoni."

"Sisi hatuna safari ya mizigo, mama." Alizima injini. "Ni mke wangu. Macho yake yanaondoka, sasa hivi anaona vivuli tu. Tukipanda gari la kawaida ananiambia ni kama amefungiwa sandukuni. Lakini upepo bado anaupata. Nimesema basi, nimtafutie gari lisilo na kifuniko."

Sindano alimtazama yule mzee, akalitazama gari, akamtazama Mama Mikate kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama, kama mtu anayeomba apishwe. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Kiti cha kushoto hakijaisha. Kimefumuliwa."

"Si neno. Nitarudi kikiisha. Lini?"

"Haijulikani. Uzi wa rangi ile mpaka uagizwe."

Uzi ulikuwa mfukoni mwa aproni yake. Mama Mikate aliiona ncha yake ikichungulia.

Angeweza kukaa kimya. Ndilo jambo alilokuwa akilijua kuliko yote. Mzee angeondoka, pengine angerudi, na akirudi Sindano angekuwa na lingine. Wangeendelea hivyo, wanafumua na kushona, mpaka mmoja wao azikwe. Na yule mama wa vivuli angebaki sandukuni kwake.

"Uzi upo," akasema. "Upo mfukoni mwake. Kiti kinaisha leo, mzee wangu. Mlete mama jioni."

Fundi saa alishukuru, akaondoka haraka kidogo, maana hakuwa mjinga na aliona hali ya hewa imebadilika.

"Umeniumbua mbele ya mtu," Sindano akasema.

"Nimekuumbua. Tunga uzi."

Alitunga. Mama Mikate akapiga magoti upande wa pili, akaivuta ngozi ikaze kama alivyokuwa ameona ikifanywa, na sindano ikaanza kuzama na kuibuka. Walishona kipande kirefu.

"Gari likiondoka," Mama Mikate akaanza, "Ijumaa utakuja?"

"Nije kufanya nini? Kufagia gereji tupu?"

"Uje tu."

"Watu hawaji tu, wifi. Watu wana shughuli zao."

"Shughuli gani unayo wewe?"

"Hayo hayakuhusu."

Mama Mikate akashusha pumzi. Maneno haya yalimtoka kwa shida kuliko mkate wowote uliowahi kung'ang'ania bati. "Sikiliza. Aliyekufa ni kaka yako. Wifi yako hajafa. Yuko hapa ameshika ngozi, na vidole vinamuuma."

Sindano aliuvuta uzi kwa nguvu kuliko ulivyohitaji, akapenga kamasi kwa pindo la aproni, akasema, "Basi shika vizuri. Unakunja."

Kiti kilipoisha, aliichukua ile kona ya turubai bila kuambiwa, akaishona ikashoneka.

Jioni fundi saa alimleta mkewe, mwanamke mrefu, akimshika kiwiko. Mama yule aliingia kwenye kiti cha kushoto kwa kupapasa, na mkono wake ukaufuata mshono toka mwanzo hadi mwisho, taratibu.

"Nani ameshona hapa?"

"Mimi," Sindano akasema. Kisha akaongeza, "Wifi yangu alishika."

Wakaondoka na paa limekunjwa. Yule mama aliinua uso juu kabla hata hawajatoka getini.

Ijumaa ikafika. Mama Mikate alipika chai ya watu wawili, akakaa. Jirani akapita, akamsalimu, naye akaitikia vibaya. Chai ikapoa, akaipasha, ikapoa tena. Nyumba ilikuwa kimya, ule ukimya ambamo unasikia kijiko chako mwenyewe.

"Mwanamke mkaidi," akaiambia birika. Akavaa viatu.

Alijua mtaa wanakouza vyuma, nyumba yenyewe hakuwahi kufika. Hakufika hata huko. Kwenye kibanda cha mboga alimkuta Sindano amesimama, amevaa nguo za kutokea, anageuzageuza kitunguu kimoja. Muuza mboga alikuwa ameegemea mkono, amechoka.

"Mama," akamwambia Sindano, "hicho kitunguu umekishika tangu nifungue. Si muoane tu?"

"Wewe!" Mama Mikate akaita. "Unafanya nini hapa?"

Sindano akashtuka, akakificha kitunguu nyuma kama ameiba. "Napita tu."

"Unapita kwenda wapi?"

Sindano alielekeza kwa mdomo, upande wa nyumba ya Mama Mikate, huku akitazama kwingine. "Huko. Na wewe je?"

"Nakuja kwako kukugombeza. Umechelewa."

"Kwangu? Kwangu kuna kiti kimoja."

"Vizuri. Nitakalia mimi, wewe utasimama."

"Kwa makalio hayo? Kitavunjika, halafu nani atakishona?"

"Na kitunguu?" muuza mboga akauliza.

Sindano akakilipia. Wakabishana palepale barabarani waende kwa nani, watu wakawa wanawakwepa. Kwa Sindano ndiko kulikuwa karibu zaidi, na ile nyonga ikakata shauri. Mama Mikate akatangulia, kona ya kwanza tu akapotea njia, akafokewa.