Thandeka Anataka Kurudi Nyumbani

Sipho alikwisha kuvaa viatu. Binti yake Thandeka, aliyekuwa wiki ya tatu tu chuo kikuu kule Cape Town, alikuwa amelia kwenye simu akitaka kurudi nyumbani Randburg.

"Naenda kumchukua," alisema Sipho.

"Kwani ni mzigo?" Mkewe, Hedwiga, alizitia funguo za gari kifuani. "Kaa chini, Baba Thandeka."

"Huna huruma, mama. Mimi niliikimbia nchi hii enzi za makaburu nikiwa na miaka kumi na saba. Upweke naujua."

"Ulikuua? Si ulifika Morogoro ukapata mke!"

Sipho akacheka bila kupenda. Hedwiga akampigia binti yake. Kosa lilikuwa lake na alilijua: miaka yote alimfukuza jikoni akasome, na sasa mtoto alikuwa akila mkate mkavu peke yake chumbani.

"Maharage niliyokufungia unayo? Yachemshe mpaka yaive, kisha uyaunge kwa kitunguu na nyanya. Na usipike ya mtu mmoja. Wagongee jirani zako uwakaribishe."

"Siwajui, Mama."

"Ndiyo maana nasema uwagongee."

Jumapili mchana Hedwiga alipiga tena. Nyuma ya Thandeka wasichana walikuwa wakibishana kuhusu chumvi.

"Mama, nitakupigia baadaye, tunakula!" Simu ikakatika.

Sipho alikuwa amesimama mlangoni. "Anasemaje? Nimfuate?"

"Mfuate," alijibu Hedwiga, "ila ubebe na sahani yako."