Huenda kwa Herufi Kubwa

"Yanywe kabla hayajapoa," mkewe alisema, akaweka kikombe mezani bila kisahani.

Mzee Mstari alikishika kwa mikono yote miwili. Wa kushoto ulibeba, wa kulia ulijitia kusaidia. Ndani mlikuwa na maziwa ya moto, asali kidogo, na kijiko cha unga wa mzizi unaoitwa ashwagandha, mzizi ambao watu wa tiba ya Ayurveda, huko Bara Hindi, wameusaga na kuunywa tangu enzi za mababu wa mababu. Mwenye duka la dawa za asili ndiye aliyewauzia kopo la kwanza, na ndiye aliyewaeleza kwamba jina lenyewe maana yake ni harufu ya farasi.

"Basi vizuri," mkewe alikuwa amesema siku ile, akilinusa kopo bila kukunja uso. "Farasi hatetemeki."

Sasa alikuwa amesimama kando ya meza, kanga kiunoni, akimtazama mumewe anavyokunywa.

"Umelala vizuri?"

"Usingizi wa pono."

"Na mkono?"

"Umetulia," alisema. "Tuli kama maji ya mtungini."

La kwanza lilikuwa kweli na la pili lilikuwa uongo. Usingizi ulikuwa umerudi, tena usingizi mtamu wa mtu asiyedaiwa. Lakini mkono wa kulia ulikuwa ukitetemeka vilevile. Alianza kuusema uongo huo wakati kopo la kwanza linakaribia kuisha, asubuhi moja mkewe alipomwangalia kwa macho ya matumaini hadi akakosa nguvu za kumwambia vinginevyo. Neno lenyewe dogo tu: umetulia. Ila uongo ukiuzaa, huna budi kuulea. Ilibidi kisahani kiondoke mezani, maana kisahani kina mdomo. Kikombe kikitua juu yake kwa mkono unaotetemeka, nyumba nzima inapata habari. Akamwambia mkewe visahani vinamwongezea kazi ya kuosha bure. Mkewe, ambaye alikuwa dobi na aliosha nguo za nusu ya mtaa, alimshukuru kwa huruma yake.

Kazi ya mzee huyu ilikuwa kuandika vibao na kuta. Kinyozi, bucha, fundi viatu, duka la sabuni, wote hao mtaa uliwasoma kwa mwandiko wake. Jina la Mstari alipewa ujanani kwa sababu aliweza kuvuta mstari mrefu kama mlango kwa pumzi moja, bila rula, na ukija na rula yako kupima unaona haya mwenyewe. Kisha mkono ukaanza. Herufi za kibao cha kinyozi zikatoka zimelewa. Hakuna aliyemsema, watu walikuwa na adabu. Walinunua tu vibao vya plastiki vilivyochapwa kwa mashine, na wakipita mbele yake wakamsalimia kwa heshima zaidi kuliko zamani, jambo lililomuuma kuliko matusi.

Alikuwa hajapata ukuta kwa muda mrefu, mpaka mkewe aliporudi kutoka dukani uso umechangamka.

"Mwenye duka anataka umwandikie ukuta wake wa mbele! Nimemwambia mkono wako umepona kwa unga wake. Kafurahi huyo! Anasema uandike mwenyewe, kwa mkono huohuo, kwamba dawa inatibu mtetemeko. Watu waone."

Njia ya mwongo ni fupi, hilo mzee alilijua. Asichokijua ni kwamba yake ingeishia ukutani. Na sasa siku yenyewe ilikuwa imefika. Alimaliza maziwa, akabeba ngazi na makopo ya rangi, akatoka.

Mwenye duka alikuwa mtu wa makamo, mwenye kitambi kidogo na kicheko kikubwa, aliyerithi duka kwa baba yake pamoja na tabia ya kuongea na kila mpita njia. Ukuta alikuwa ameupaka chokaa nyeupe pepe. Akamsomea mzee maneno anayoyataka.

"Unga wa ashwagandha. Hutibu mtetemeko wa mkono. Huleta usingizi. Huondoa mawazo. Hurudisha ujana."

"Na ujana pia?"

"Mzee Mstari, ukuta ni mkubwa."

Walivuta pamoja kamba iliyopakwa chaki, kila mmoja upande wake, mzee akaivuta kidogo na kuiachia, ikaacha mstari wa buluu ulionyooka ukutani. Hapo hapakuwa na taabu, kamba haitetemeki. Akachora herufi kwa chaki, taratibu, na chaki nayo ilimstahi, kwa kuwa chaki ikikosea unaifuta kwa kidole. Mteja aliita, mwenye duka akaingia ndani. Mzee akabaki na brashi.

Akatoa fimbo yake, ile yenye kichwa kilichofungwa kitambaa. Ncha yenye kitambaa unaiegemeza ukutani, ncha nyingine unaishika kwa mkono wa kushoto, kisha mkono wa kulia unaulaza juu ya fimbo ili upate kutulia. Alichovya brashi, akavuta pumzi, akaanza na mguu wa kwanza wa herufi H katika neno HUTIBU.

Ukatoka na mawimbi.

Akaufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Akavuta tena. Mawimbi. Akajaribu haraka, akajaribu polepole, akajaribu kwa kufumba jicho moja kama wanavyofanya wapiga manati. Kila alipofuta, chokaa nyeupe ilizidi kuwa kijivu, hadi pale palipotakiwa kuwa na neno la kutibu pakawa na doa ambalo hata kipofu angeliuliza. Alishuka ngazi, akakaa kwenye kidato cha chini. Kwa mara ya kwanza tangu alipoanza kazi hii aliogopa ukuta. Hakuogopa kuchekwa na mtaa. Aliogopa kwamba mkewe atapita hapa kesho na keshokutwa, na kila akipita atausoma uongo wa mumewe, umeandikwa na mkono uleule unaouumbua.

Na mkewe hakungoja kesho. Alitokea kwenye kona, furushi la nguo zilizopigwa pasi likiwa kichwani, akienda kuzipeleka kwa wenyewe.

Mzee alificha mkono nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Hujaanza?"

"Ukuta bado una unyevu."

Mkewe alitua furushi juu ya kreti ya soda, akauwekea ukuta kiganja. "Umekauka huu." Akalitazama doa. Kisha akamtazama yeye, na mtazamo huo ndio uliommaliza mzee.

"Mama watoto," alisema, "mkono haukutulia. Haukutulia hata siku moja. Nimekuwa nakudanganya."

"Najua."

"Unajua?"

"Mzee wangu, mimi ni dobi." Alimshika mkono wa shati, akaugeuza pindo. "Miaka yote unarudi kutoka kazini shati safi, mpaka wenzangu wananionea wivu. Siku hizi kila shati lina maziwa kifuani na rangi huku mkononi. Unaniambia unakwenda kutafuta kazi, unarudi na madoa. Mtu anapata wapi madoa kwa kutafuta? Nikajua unajifichia mahali unajifunza upya. Nikayatoa kwa mafuta ya taa, nikajitia hamnazo."

Kweli, alikuwa akijificha nyuma ya gereji, akiandika herufi kwenye bati kuukuu. Mzee aliinamisha kichwa.

"Sasa kwa nini ulimwambia mwenye duka nimepona?"

"Kwa sababu ulikosa ukuta!" alisema. "Unakaa pale mlangoni unasoma vibao vya plastiki vya watu. Nilitaka upate ukuta, basi. Nikatia chumvi kidogo. Sikujua huyu naye atataka kuipaka rangi." Alipangusa macho kwa pindo la kanga. "Halafu ulivyokuwa unasema umetulia, ulikuwa unasema vizuri. Nilipenda kusikia."

Mzee Mstari alimpenda mke huyu siku zote, ila kuna siku mtu hupenda zaidi, na hii ilikuwa mojawapo. Alitaka kumwambia. Alichofanya ni kusogea kwenye kile kidato cha chini ili mkewe naye apate nafasi ya kukaa. Walikuwa bado wamebanana pale, wanacheka na kufuta machozi, mwenye duka alipotoka.

"Vipi? Mbona ukuta wangu umeungua?"

Walimweleza, mmoja akianza na mwingine akimalizia. Kicheko cha mwenye duka kiliondoka. Akaketi kwenye kreti, pembeni ya nguo za watu.

"Kwa hiyo unga wangu haufanyi kitu."

"Sikusema hivyo," mzee alijibu. "Nalala. Zamani nilikuwa nakesha nimekodolea dari macho. Siku hizi nikigusa mto, kwaheri."

"Ni unga huo?"

"Sijui. Labda unga. Labda maziwa."

"Au mwenye kupasha maziwa," mwenye duka alisema, kicheko kikaanza kurudi kwa mbali. "Sasa nitaandika nini? Siwezi kuandika labda, si tangazo hilo."

"Andika huenda," mke alisema.

"Huenda?"

"Huenda ukasaidia usingizi. Si ndiyo kweli yenyewe?"

"Mama, mteja akisoma huenda, ataniuliza, huenda wapi?"

"Mwambie huenda kitandani. Mume wangu anakwenda mapema siku hizi."

Mwenye duka alicheka hadi kreti ikalia chini yake. Kisha akaukuna ukuta kwa ukucha. Alisema baba yake, Mungu amrehemu, hakuwahi kumwambia mteja neno "hutibu". Alikuwa akisema tu, jaribu, mwanangu, uone. Yeye ndiye alitaka kumpita baba kwa herufi kubwa. "Haya, ujana tuufute," alisema. "Na mtetemeko, na mawazo, vyote tufute."

"Na chini," mzee alisema, "tuongeze kwamba mwenye kutumia dawa nyingine amuulize daktari kwanza."

"Aa! Mnanifanyia ukuta hospitali sasa!"

"Hospitali ndiko tunakokwenda kesho," mke alisema, na safari hii hakucheka. "Mimi na huyu. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na kopo lako tunalibeba, daktari alinuse mwenyewe."

Mzee alitaka kupinga, akaona uso wa mkewe, akaitikia kwa kichwa.

Lakini ukuta ulikuwa bado unamngoja. Alipanda ngazi, akaegemeza fimbo, mkono ukaanza mambo yake. Mkewe alimtazama kidogo, kisha akapanda juu ya kreti, akaishika ile ncha ya fimbo iliyokuwa katika mkono wa kushoto wa mumewe.

"Niachie mimi. Wewe tumia huo kujishika."

Hakuwahi kuliwaza hilo. Miaka yote fimbo ilikuwa yake na mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Akamwachia. Mkono wa kushoto, ulio huru sasa, ukakamata kifundo cha mkono wa kulia, na hivyo wakaandika, mke akishika fimbo kwa ukakamavu aliouzoea wa kukamua mashuka, mume akijikamata mwenyewe. Akivuta pumzi, naye anavuta. Akimaliza mstari, wote wanashusha. Herufi zilitoka nzito na za polepole. Zilisimama.

Jua lilikuwa limeuhama ukuta walipomaliza. Mzee alivuka barabara kwenda kuziangalia kwa mbali, kama alivyofanya maisha yake yote. UNGA WA ASHWAGANDHA. HUENDA UKASAIDIA USINGIZI. Na chini, kwa herufi ndogo, lile neno la daktari. Zote zilikuwa wima isipokuwa ile A ya HUENDA, pale walipochoka wote wawili. Mguu wake wa mwisho ulikuwa na mawimbi. Akarudi, akachukua kitambaa.

"Hiyo A si sahihi," alisema.

Mkewe alimshika mkono wenye kitambaa.

"Ni sahihi yako hiyo," alisema. "Iache."

Akaiacha. Mke akabeba furushi lake, likiwa limeanza kunuka mafuta ya taa, na mume akabeba ngazi.

Asubuhi iliyofuata kopo la unga lilikuwa tayari ndani ya mkoba, karibu na mlango, na mkewe alikuwa amevaa viatu vyake vya kutokea. Maziwa yalikuja moto kama kawaida, hayana unga leo. Lakini chini ya kikombe palikuwa na kisahani.

"Umelala vizuri?"

"Usingizi wa pono."

"Na mkono?"

Mzee alikishika kikombe kwa mkono wa kulia peke yake, akanywa, akakirudisha. Kikombe kiligongagonga kisahani kwa muda mrefu kabla hakijatua. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta kiti, akaketi karibu naye.