Alama za Soksi

Burhani aliondoka Guangzhou mwanzoni mwa Agosti 1998, amevaa soksi mpya za kuchezea mpira, ndefu hadi magotini. Mkewe Maulida alizinunua Shahe, sokoni alikokuwa akinunua nguo za kupeleka kwao Kigoma. Alitaka nyeupe. "Meiyou," muuzaji alisema, hakuna. Akachukua za kijani.

"Bibi yangu, zinabana kama pingu!"

"Bibi yako yuko Uvira. Mimi nina wajukuu wangapi?" Ndivyo alivyomjibu tangu siku ya kwanza alipomwita hivyo kwa Kiswahili cha Kongo, ambako bibi ni mke. "Zivae njiani, zilainike."

Mtaani kwao Uvira, Burhani ndiye wa kwanza kulipwa mshahara kwa kucheza mpira. Alikuwa beki wa klabu ndogo huku China. Vita ilipozuka tena kwao, akaenda kumtoa mama yake. Wiki mbili tu, alisema.

Wiki ya nne simu ililia. Alikuwa Pius, binamu wa Burhani, akipiga kutoka Kigoma.

"Shemeji, umekaa?"

"Sema, Pius."

Walikuwa wametembea siku tatu, yeye, Burhani na mama. Asubuhi ile miguu ya mama ilikuwa inatoka damu, Burhani akavua soksi akamvika. Mbele wakakuta kizuizi. Wapiganaji wakawaamuru wanaume wakunje suruali, maana buti huacha alama kama pete mguuni, na askari hujulikana kwa pete hiyo.

"Mimi fundi cherehani, miguu haina alama, wakaniacha. Yeye wakaona pete chini ya magoti, makovu, sugu. Akasema, mimi mchezaji, nacheza China. Wakacheka. 'Mchina mweusi! Cheza basi!' Wakamvunja magoti kwa vitako vya bunduki, kwanza la kulia."

Miguu iliyomlisha ndiyo iliyomponza.

"Na mama?"

"Mama alipandisha kitenge, akalia, 'Soksi zenyewe hizi hapa, ni za mpira!' Mmoja akatazama, akasema, 'Kijani. Hata mama anavaa za jeshi.' Akampiga Burhani risasi mbili za kifua, mama akiwa bado ameshika kitenge."

Maulida aliubana mkono wa simu sikioni. Hakulia. Aliuliza kama amezikwa.

"Kando ya barabara. Nilichimba kwa sufuria."

Sasa mama mkwe anaishi Kigoma, kwa wazazi wa Maulida. Asubuhi za baridi huzivaa zile soksi.