Goti Halijambo

Mama Pindo, fundi cherehani aliyepewa jina hilo kwa kuwa pindo lake halikuwahi kufumuka, alipanda ngazi za kliniki akishika ukuta. Goti lake la kulia lilikuwa limewekewa gegedu jipya, ule mto unaozuia mifupa isisagane, lililooteshwa maabara kwa chembe za mwili wake mwenyewe. Yeye na wenzake wachache ndio wa kwanza kujaribiwa. Wakiendelea vizuri, kundi la pili lingepasuliwa wiki ijayo, na humo yumo mdogo wake, ambaye siku hizi kushuka kitandani ni mpaka alie.

"Hujambo, mama? Na goti?" daktari aliuliza, macho kwenye kompyuta.

"Halijambo, mwanangu."

Daktari akaandika. Kila mara huwa hivyo. Ila leo alimgeuzia kioo cha kompyuta. "Ona, mama. Maumivu hakuna, tangu mwanzo. Majibu kama yako ndiyo yanatupa moyo wa kuanza kundi la pili."

Mama Pindo akainamia kioo. Maumivu hakuna? Mbona akikanyaga cherehani goti linamchoma mpaka anauma midomo? Lakini jamani, mtu akikujulia hali, utamtapikia shida zako hata hujaketi? Hakulelewa hivyo. Yeye alikuwa akiitikia salamu tu, na wenzake bila shaka vivyo hivyo.

Akinyamaza, mdogo wake atapasuliwa. Kwa jinsi mdogo wake alivyoisubiri siku hiyo, alitamani kunyamaza, Mungu amsamehe. Lakini kumshonea mdogo wake uongo gotini, hapana.

"Mwanangu, ile ilikuwa salamu," alisema. "Salamu tumemaliza. Sasa niulize."

Daktari akauliza, akajibiwa yote: ngazi, kanyagio, usingizi wa mang'amung'amu. Akashusha pumzi. "Basi upasuaji wa wiki ijayo utasimama, mama. Itabidi niwaulize wote upya."

"Waulize. Na hili langu lipimeni, lichokonoeni, mpaka mjue linataka nini. Mimi siachi kuja."

Akateremka ngazi moja moja. Chini, mdogo wake alikuwa ameketi kwenye benchi, fimbo mapajani, macho yote kwake.

"Vipi huko, dada? Kwema?"

"Kwema," ulimi ukamponyoka.

Akaketi kando yake, akamshika mkono.

"Si kwema, mdogo wangu. Ngoja nikwambie."