Meno ya Shangazi na Daktari wa Usingizi

Shangazi aliposikia kwamba binti wa kaka yake, aliyekwisha kuwa daktari, amerudi chuoni kusomea usingizi, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Usingizi?" alimwuliza kaka yake, wakiwa sebuleni. "Mtoto mzima anakwenda kufundishwa kulala? Angekuja hapa mchana baada ya chakula, ningemfundisha mwenyewe."

Kaka mtu alijaribu kueleza. Mambo yenyewe hakuyaelewa vizuri, lakini alikuwa baba wa daktari, na aliona hilo linatosha. Alisema kuna daktari wa kawaida na kuna daktari bingwa, na kwamba bingwa huchagua kitu kimoja akakizamia. Shangazi, mwalimu mkuu mstaafu aliyefundisha hesabu maisha yake yote, alimsikiliza kama anavyosikilizwa mwanafunzi anayesema daftari lake limeliwa na mbuzi.

Tangu hapo binti akawa Bibi Usingizi. Hata alipofaulu na kupata cheti chake cha ubingwa, jina halikubanduka.

"Bibi Usingizi, hebu niangalie goti hili."

"Goti lina daktari wa mifupa, Shangazi."

"Na jicho?"

"Nalo lina wake."

"Sasa wewe umebakiziwa nini?"

"Mimi ni wa mwili mzima, ila mwenyewe awe amelala."

Shangazi alicheka tena, lakini hakushawishika.

Kisha tumbo likaanza kumsumbua, na vipimo vikaonyesha mawe kwenye kifuko cha nyongo. Ilibidi kitolewe. Daktari wa upasuaji alimweleza taratibu, na alipomaliza Shangazi akamwomba cheti. Daktari akaonyesha ukutani. Shangazi akavaa miwani, akainuka, akasoma mpaka mhuri.

"Huyu ndiye daktari," alimwambia kaka yake walipotoka. "Ana kisu, ana cheti. Si mambo ya kulala lala."

Asubuhi ya upasuaji, binti alimkuta wodini akiwa kwenye gauni la hospitali lililofungwa kwa nyuma. Kando yake kaka mtu alikuwa anakula ndizi iliyoletwa kwa ajili ya mgonjwa, kwa kuwa mgonjwa amekatazwa kula.

"Shangazi, sitakulaza mimi," binti alisema akikaa ukingoni mwa kitanda. "Nikikuona pale mezani nitakuwa mtoto wa kaka yako, sitakuwa daktari. Atakulaza mwenzangu, bingwa aliyenitangulia. Lakini acha nikuulize mapema atakayokuuliza. Unakoroma?"

"Mimi?" Shangazi alisema.

"Anakoroma," kaka mtu alisema.

"Una meno ya bandia?"

Shangazi akageukia dirishani. "Maswali gani hayo mbele za watu?"

Watu wenyewe walikuwa kaka mtu na ndizi yake. Binti akamtazama shangazi yake, kisha akamgeukia baba. "Baba, hebu nenda ukatuulizie blanketi jingine."

Mlango ulipofungwa, Shangazi alinong'ona, "Ya juu. Yote."

Hakuna aliyejua. Yalipokuwa yanatengenezwa, aliuaga ukoo kwamba anakwenda kwenye semina ya walimu. Binti alijiuma ndani ya shavu asicheke.

"Lazima yatoke, Shangazi. Ukishalala tutakupitishia mpira kooni upumulie. Meno yakichomoka yakaingia kwenye njia ya hewa, ni balaa."

"Na huyo mwenzako ni nani?"

Binti akamtajia. Shangazi akaketi wima.

"Yule wa dawati la nyuma? Nimemfundisha mimi! Kuzidisha kulimshinda! Hiyo dawa yenu mnaipimaje?"

Binti akasita. "Kwa uzito wa mgonjwa. Ni... hesabu."

"Nipe viatu vyangu."

Binti alimshika mkono, na safari hii hakutania. Alimweleza kwamba yule mtu alimaliza shahada ya udaktari, akazungushwa kila wodi chini ya uangalizi, akapewa leseni, kisha akarudi kusomea fani hii moja kwa miaka. Hata hapo hakuitwa bingwa. Alifanya mtihani wa kuandika, halafu akasimamishwa mbele ya mabingwa kutoka hospitali nyingine, watu wasiomjua. Wakamwuliza: presha ya mgonjwa imeshuka, unafanya nini? Umefanya hivyo, bado inashuka, sasa je?

"Mara ya kwanza alianguka," binti alisema. "Akarudi tena."

"Aliangushwa na hesabu?"

"Na woga. Anasema mtahini mmoja alifanana na wewe."

Mabega ya Shangazi yakaanza kutikisika kwa kicheko. Akaomba kikombe chenye kifuniko.

Chumba cha upasuaji kilikuwa na baridi. Yule bingwa, mtu mzima mwenye mvi, alisimama wima kama yuko mstarini shuleni.

"Shikamoo, mwalimu."

Shangazi aliitikia akiwa ameziba mdomo kwa leso. Bingwa akainama karibu yake. "Humu hakuna anayetazama mdomo wa mtu, mwalimu. Mimi natazama pumzi yako tu."

Taratibu leso ikashuka.

"Kilo themanini," Shangazi alisema kwa ulimi usio na pa kuegemea. "Tuseme miligramu mbili kwa kila kilo. Jumla?"

"Mia na sitini. Lakini kwa umri wako nitapunguza."

Shangazi alitaka kumwambia kwamba umri haukuwemo kwenye swali, ila usingizi ukamwahi.

Alipozinduka, pazia lilikuwa limefungwa na binti ameketi kando. Akili ilipomtulia, kikombe kikapita chini ya shuka, na kaka mtu aliporuhusiwa kuingia alimkuta dada yake ana tabasamu kamili.

"Yule kijana alikaa pale muda wote?" Shangazi aliuliza.

"Hakubanduka," binti alisema. "Mpasuaji alikuwa anaangalia kifuko. Yeye alikuwa anakuangalia wewe."

Shangazi akaufumbata mkono wa binti na hakuuachia mpaka muuguzi alipokuja kumpima presha.

Kidonda kilipopona, jirani yake mmoja alikuja akichechemea, akitaka binti amtazame mguu.

"Huyo si wa miguu," Shangazi alisema kwa ukali. "Umeshaonwa na nani?"

"Na daktari bingwa."

"Bingwa wa nini? Alitahiniwa na nani?"

Jirani akasema hakumwuliza.

"Basi kesho tunakwenda wote. Nitamwuliza mwenyewe."

Jirani aliutazama mguu wake, akaukanyagia chini kwa majaribio, akasema kwa kweli tangu asubuhi anaona nafuu.