Waliopotelea Kwenye Taa Nyeupe

Ramadhani alikuwa akila muhogo wa nazi aliposikia hodi ya mkewe. Aliitikia salamu, akaona mlango ukifunguka na kufungwa, na hakuna mtu aliyeingia. Kiti cha upande wa pili wa meza kikasogea.

"Uko wapi, Fauzia?"

"Nimeketi mbele yako."

Alieleza kuwa alikuwa anatoka zahanati kwa miguu, pembeni mwa barabara ya Msambweni, gari likamjia na taa nyeupe limeziwasha zote. Lilimtia kiwi macho, na lilipopita alijitazama mikono asiione. Akaendelea na safari, maana giza lilikuwa linaingia.

Bi Mwanarusi, mamake Ramadhani, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akazima taa ya umeme na kuwasha koroboi. Katika mwanga ule wa manjano Fauzia akaonekana, bado yumo ndani ya sare ya kazi, miguu ina vumbi na macho yamemwiva. Bi Mwanarusi akampakulia muhogo na kumwambia ale kabla haujapoa.

Tangu siku hiyo, mchana Fauzia alionekana kama kawaida, lakini baada ya Maghrib hakuonekana mbele ya mwanga mweupe. Hakuwa peke yake. Wanawake waliorudi kutoka sokoni, vibarua wa hotelini na wazee waliotoka msikitini, karibu wote waliotembea kwenye barabara ile walikuwa wamepatwa. Madereva walikuwa wameng'oa balbu za manjano na kutia nyeupe zinazoelekea samawati, wakisema zinawaonyesha mbali. Mabango ziliyaonyesha vizuri. Mvua iliponyesha, weupe ule uliwarudia wenyewe machoni kama shuka iliyoanikwa barabarani, na waliopishana nao walibaki kwa kitambo wakiendesha bila kuona kitu. Katika kitambo hicho ndimo watu walimokuwa wakitembea.

Ramadhani aliendesha tuktuk yenye taa za manjano, kwa hiyo aliwaona wote. Kila jioni walijitokeza mbele yake mmoja mmoja, akapunguza mwendo, wakasalimiana. Balbu moja ilipoungua alikwenda Kona ya Musa, kwenye duka la vipuri la Tobias, mtu wa bara aliyekuwa amezoea pwani.

"Za njano haziingii tena, buda," Tobias alimwambia. "Macustomer wanataka nyeupe, ile ya barafu."

Ramadhani alimuuliza kama anajua kwamba balbu zile hazikutengenezewa taa za magari ya zamani, na kwamba zikitiwa humo hutupa mwanga juu, kwenye macho ya watu. Tobias alisema anajua sana, hata yeye mwenyewe huendesha pikipiki akirudi nyumbani huku amekinga uso kwa mkono. Akapekua rafu ya chini, akapata moja iliyobaki, akaifuta vumbi kwa shati. Nyingine hakuwa nayo.

Haikupita muda mrefu Chengo, mmoja wa waliopatwa, akagongwa. Alikuwa anatoka Kikoneni na baiskeli yenye gunia la muhogo. Dereva alisimama, akamulika kwa simu, akaona muhogo umetapakaa. Chengo alimwambia kutoka chini kwamba mguu umevunjika. Dereva alimpa pole, akaeleza kwa adabu kwamba hawezi kumbeba mtu asiyemwona, akaondoka. Ramadhani ndiye aliyemkuta, taa za tuktuk zilipomfikia, akiwa ameshika paja na kusoma dua kwa sauti ndogo. Akampeleka hospitali.

Ramadhani alikasirika. Alizunguka ofisi moja baada ya nyingine mpaka akaahidiwa mkutano na afisa wa barabara. Watu waliitwa baada ya Alasiri, wakajaa ukumbini, Chengo akaletwa na magongo yake. Afisa alifika baada ya Isha. Ukumbi ulikuwa umewashwa taa nyeupe.

Afisa alitazama viti, akatazama saa. "Naona umekuja peke yako, bwana," alimwambia Ramadhani.

Ramadhani alimjibu kwamba ukumbi umejaa na wengine wamekosa pa kuketi. Afisa akasema yeye hupeleka habari ya alichokiona, na alichokiona ni viti. Ramadhani alimwomba azime taa ili iwashwe koroboi. Afisa akasema mkutano wa serikali haufanyiki gizani.

Fauzia akasimama mahali alipokuwa.

"Mimi niko hapa, mheshimiwa. Kila jioni natembea kwenye barabara hiyo. Tunaomba taa hizo zikatazwe kabla hatujazikana."

"Sauti nimeisikia, mama," afisa alisema kwa upole, akielekea upande usio wake. "Lakini sauti haigongwi na gari."

Akafunga mkutano kwa kukosa watu, akawashukuru waliokosekana.

Ramadhani alimfuata hadi langoni akiwa bado anamweleza. Gari la afisa lilikuwa jipya. Liligeuka, likawasha taa zote, nyeupe kama maziwa, zikamkumba Ramadhani usoni. Lilipoondoka, Fauzia alimwita mumewe.

"Nipo," akasema Ramadhani.

Alinyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaushika wa mkewe. Wakasaidiana kumpandisha Chengo kwenye tuktuk, ambayo ilitoka langoni bila kuonekana mtu ndani yake, na Fauzia akasema kesho aende ofisi nyingine. Ramadhani akauliza ipi.

Waliokuwa hawana nafasi walishika njia kwa miguu, wakiitana majina ili wasiachane. Magari yalikuwa yanakuja kutoka Ukunda. Hayakupunguza mwendo wala kushusha taa, kwa sababu barabara, kwa jinsi madereva walivyoiona, ilikuwa tupu.